Meno ya Upande wa Kushoto

Machi 2. Nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Jua. Theluji inafika gotini.

Kitabu hiki ni cha Asmund. Kwa miaka arobaini na moja mume wangu ameandika humu hali ya hewa na kazi ya siku, mistari miwili mitatu kila jioni, na hajaandika hata siku moja alivyojisikia. Tangu Januari kurasa ni nyeupe, kwa sababu kiharusi kilimnyima mkono wa kulia, na wa kushoto hajawahi kuutumia kuandika hata jina lake. Leo amekisukuma kitabu hadi mbele ya sahani yangu.

"Andika wewe, mama. Nisipojua theluji iliyeyuka lini mwaka huu, mwakani nitajuaje nianze lini?"

Basi naandika. Ila mimi si Asmund, na mistari mitatu hainitoshi hata kusalimia.

Sunniva, binti yetu, amepiga simu tena kuhusu ile nyumba ya wazee mjini. Vyumba viwili, joto la umeme, lifti. Nafasi wanatushikia hadi sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwishoni mwa Juni, baada ya hapo wanapewa wengine. Asmund akaninyang'anya simu. "Banda la kuni likijaa kabla ya mioto ya Mtakatifu Yohana, tunabaki," akamwambia. "Lisipojaa, njoo na maboksi." Akanirudishia simu akaendelea na kiazi chake.

Na nani wa kulijaza? Hilo hakusema. Nyumba hii haina joto jingine ila la jiko, na kuni za baridi ijayo lazima zikatwe sasa, zikauke kiangazi chote. Nina miaka sitini na saba na sijawahi kushika msumeno wa mnyororo.

Machi 4. Leo nimeushika. Haukukata. Nikausukuma kwa nguvu zote, ukapiga kelele, ukatoa moshi, gogo halikupata hata mkwaruzo. Asmund akagonga kioo cha dirisha kwa fimbo yake, anacheka mpaka machozi. Nilikuwa nimefunga mnyororo kinyumenyume.

Machi 5. Umekata. Namshukuru Mungu na msumeno, kwa mpangilio huo.

Machi 7. Theluji usiku kucha. Nimekata magogo manne tu, kisha mnyororo ukawa butu. Hesabu yenyewe ni hii: miti ya mibetula aliyoiangusha Asmund Oktoba, akiwa bado mzima, nusu iko uani, na nusu iko kule juu, ng'ambo ya kinamasi. Kinamasi kinapitika kikiwa kimeganda tu. Trekta letu limekufa tangu vuli. Magogo ya uani hayajazi banda hata nusu.

Jioni nilipovua koti, unga wa mti ukamwagika sakafuni. Asmund akainama kwenye kiti, akaokota kidogo, akausugua kati ya vidole.

"Unga," akasema. "Unataka kupika uji? Mnyororo mkali hautoi unga, unatoa maranda. Vipande vinene, unavihesabu mkononi. Ukiona unga, simama, unoe."

"Sijui kunoa."

"Najua hujui."

Machi 9. Nyuzi sita chini ya sifuri. Siku mbaya.

Asubuhi tulikwenda wote bandani, yeye na fimbo yake, mimi nimemshika kiunoni. Akanionyesha jinsi ya kubana upanga wa msumeno, lile bapa linalozungukwa na mnyororo, kwenye jiliwa ya meza ili mnyororo utulie. Akanionyesha tupa ya duara na jinsi ya kuisukuma mbele tu, kamwe si kurudi nyuma, mara tatu kwa kila jino. Meno yamepangwa moja limetazama kulia, linalofuata limetazama kushoto, hivyo hivyo hadi mwisho. Unanoa ya upande mmoja kwanza, kisha unazunguka meza unanoa ya upande wa pili. Nikapaka jino la kwanza rangi yangu nyekundu ya kucha ili nijue nilipoanzia. Hilo alilipenda sana.

Kisha akasema, "Lete nikuonyeshe." Akashika tupa kwa mkono wa kulia, ule ule unaotetemeka, akaufunika kwa wa kushoto auongoze. Nilipaswa kusema kitu na sikusema. Jino la kwanza akalipata. La pili tupa ikaruka, mkono ukatelezea kwenye meno, akajichana kidole gumba cha kushoto hadi damu ikadondoka kwenye maranda. Hata hapo hakuacha. Akairudia tupa. Nikaogopa, na mimi nikiogopa huwa nafoka. Nikamnyang'anya tupa mkononi nikamwambia, "Acha! Kazi hii si yako tena!"

Akanitazama. Nikamfunga kidole kwa leso, tukarudi ndani, tukala chewa na viazi bila neno.

Nimeandika niliyoyasema kwa sababu ndivyo nilivyosema.

Machi 10. Theluji.

Machi 11. Theluji. Nimenoa peke yangu. Unga.

Machi 13. Unga.

Machi 16. Nusu unga, nusu maranda. Asmund alisema, "Afadhali," ambalo kwake ni neno kubwa. Lakini sasa kuna balaa jipya. Msumeno unakata ukipinda. Naanza wima, nafika katikati upanga umeshaelekea kulia, kipande kinatoka kama keki iliyokatwa na mlevi, na hakisimami kwenye kigogo cha kupasulia. Kila kipande nakishika kwa mguu huku nashusha shoka. Leo nimekiona kweli cha mtema kuni.

Asmund ameeleza kutoka kitini. Natumia mkono wa kulia, kwa hiyo meno ya kulia nayapata vizuri. Ya kushoto najipinda, nayagusagusa tu. Meno ya upande mmoja yakiwa makali kuliko ya pili, msumeno unavutwa upande huo. "Ongeza nguvu kushoto," anasema. Naongeza. Mkono haukubali.

Machi 20. Nimekwenda mjini kununua mnyororo mpya, nimechoshwa na huu. Muuzaji akaniuliza, "Wenye viungo vingapi?" Nikamjibu, "Vya kutosha." Nikanunua ule ulioandikwa kuwa ni wa wataalamu, meno yake yana kona kali kama wembe. Nyumbani ukaning'inia kwenye upanga kama suruali iliyokosa mkanda. Viungo viwili zaidi.

"Sitini na nne," Asmund akasema. "Miaka yote ni sitini na nne. Na huo wenye kona kali si wa kwetu. Huo ni wa mti safi, usio na mchanga wala barafu. Magogo yetu yamelala chini tangu Oktoba, kona itakufa ukikata mawili. Chukua wenye jino la mviringo. Unakata polepole, ila unavumilia."

"Kwa nini hukuniambia kabla sijaenda?"

"Ulishafunga mlango wa gari."

Machi 21. Nimeubadilisha. Sitini na nne, jino la mviringo, na la kwanza nimelipaka tena rangi nyekundu. Muuzaji alitabasamu, nikamtazama akaacha.

Machi 24. Mnyororo mpya ulikata vizuri siku mbili. Sasa nimeunoa mwenyewe, na umeanza kupinda. Kulia tena.

Machi 27. Unapinda. Nimelia kidogo nyuma ya banda, kwa hasira tu. Sunniva aliuliza kwa simu, "Mama, mnaendeleaje?" Nikasema vizuri sana. Nasikia anatafuta maboksi.

Machi 30. Nyuzi mbili juu ya sifuri mchana, baridi usiku.

Jambo la ajabu. Leo asubuhi nimewasha msumeno, nimeuweka kwenye gogo, umeshuka wima mpaka chini kama maji. Nikakata la pili. Wima. Nikasimama nikatazama pembeni nione nani anaushika. Nimekata magogo tisa kabla ya kahawa. Jana nilipouacha ulikuwa unapinda, hilo nina uhakika, maana niliutukana.

Jioni nikamwagia Asmund maranda mezani, mikono miwili imejaa. Akayachambua moja moja.

"Maranda," akasema, akatabasamu upande ule wa mdomo unaoweza. Sijaona tabasamu hilo tangu Krismasi.

Machi 31. Nimechunguza mnyororo kwa miwani. Meno ya kulia ni kazi yangu, naijua, ina mikwaruzo. Ya kushoto yanang'aa, yote marefu sawa, pembe moja. Mimi sikuyafanya hayo. Na tupa imetundikwa kwenye msumari wake, mpini umeelekea dirishani. Mimi huuelekeza mlangoni. Vumbi la chuma limeanguka upande wa kushoto wa jiliwa.

Mtu mwenye kutumia mkono wa kushoto amenoa mnyororo wangu.

Bonde zima lina mtu mmoja wa mkono wa kushoto, naye ni Torleif.

Aprili 1. Torleif ni jirani yetu, shamba lake limepakana na letu kwa uzio. Akiwinda kulungu, bunduki anaiweka bega la kushoto, kila mtu anajua. Hatujasemezana miaka tisa. Alikata mbetula uliosimama mpakani, yeye akisema wake, Asmund akisema wetu, nami nikasema maneno kuhusu mama yake ambayo hayakuhusu mbetula. Tangu hapo tukikutana dukani mmoja hugeukia rafu ya jibini.

Lakini ni nani mwingine? Hapa bondeni tunakula saa kumi jioni, na baada ya kula kila nyumba inalala hadi saa kumi na moja. Mimi nikilala nimelala, Asmund husema nakoroma kama trekta asubuhi ya baridi. Yeye husinzia kitini. Mtu akijua saa hiyo anaweza kupita kwenye njia ya nyuma, akaingia bandani, akanoa, akaondoka. Mtu mwenye haya ya kuja mchana kweupe baada ya miaka tisa.

Asmund sijamwambia. Akisikia mwanamume mwingine ananoa mnyororo wake, tena Torleif, kitamuuma kuliko kiharusi.

Aprili 3. Nimenoa jana, leo asubuhi kushoto kumeguswa tena. Wima. Maranda.

Aprili 4. Sina amani. Mtu ananitendea wema na mimi nimemnunia miaka tisa. Nimepika lefse, zile chapati zetu za viazi, sinia zima, nikapaka siagi na sukari.

"Za nani?" Asmund akauliza.

"Za ujirani."

Akainua nyusi tu.

Aprili 5. Nimekwenda. Miguu ilikuwa mizito, si theluji tu. Torleif alifungua mlango amevaa soksi, nywele zimesimama, akanitazama kama mtu aliyeletewa barua ya serikali.

"Jirani," nikasema.

"Jirani," akajibu. Akasogea nipite.

Nikaweka sinia mezani. "Nimekuja kushukuru. Unajua ni kwa lipi."

Huku kwetu ukimtajia mtu wema wake mbele ya uso wake ni kama umemvua nguo. Unashukuru kwa pembeni, naye anaelewa, mambo yamekwisha. Torleif akatazama soksi zake. Akashughulika na birika mpaka likachemka. Masikio yalikuwa mekundu.

"Haikuwa kitu," akasema. "Nilidhani hukujua."

"Nilijua."

"Hata wewe ungefanya hivyo hivyo."

"Nisingefanya," nikasema, kwa sababu ni kweli, nisingefanya.

Akacheka! Sikujua mtu huyu ana kicheko. Akamimina kahawa, tukala lefse nne kila mtu, tukazungumza juu ya theluji. Nilipokuwa mlangoni navaa viatu akasema, "Magogo yenu ya ng'ambo ya kinamasi. Kinamasi kitabeba wiki moja tu, si zaidi."

"Najua. Trekta limekufa."

"Langu halijafa," akasema, akafunga mlango upesi kabla sijamshukuru mara ya pili.

Aprili 7. Nyuzi nne chini ya sifuri saa moja asubuhi. Torleif alikuja na trekta na slei kubwa ya kukokotea magogo juu ya theluji. Asmund alikuwa ameketi kwenye ngazi, amejifunika blanketi. Nikashika roho yangu mkononi.

"Umezeeka, Torleif," Asmund akasema.

"Na wewe umekuwa kijana?"

"Ule mbetula ulikuwa wangu."

"Ulikuwa wangu."

"Haya."

"Haya."

Kisha Asmund akasema, "Pitia upande wa jiwe kubwa, pale katikati pana chemchemi, hapagandi vizuri." Torleif akagusa kofia, akaondoka. Miaka tisa, na yakaishia hapo. Nimeingia jikoni nikacheka nikiwa nimejiziba mdomo kwa aproni.

Aprili 8. Safari sita. Mgongo wangu.

Aprili 9. Safari tano. Maji yameanza kuonekana kwenye kinamasi. Safari ya mwisho matairi yalizama nusu, nilifumba macho. Yakatoka. Magogo yote yako uani. Yote! Torleif amekula bakuli tatu za supu ya nyama kavu na hakutaka asante.

Aprili 10. Mvua. Kinamasi ni ziwa. Tungechelewa siku moja tu, nusu ya kuni zetu ingebaki kule mpaka mwakani, na sisi tungekuwa kwenye lifti.

Aprili 14. Nakata. Maranda.

Aprili 15. Nakata. Maranda.

Aprili 22. Unga! Nimegusa jiwe lililoganda ndani ya gome, mnyororo ukafa papo hapo. Asmund akanifundisha ule mnundu mdogo mbele ya kila jino, unaopima jino lizame kiasi gani. Ukinoa jino mara nyingi linafupika, na mnundu lazima ushushwe kwa tupa bapa, kiduchu tu. Ukishusha sana msumeno unauma na kurukaruka kama mbuzi. Nikashusha sana. Ukaruka kama mbuzi.

"Sasa umeshakosea makosa yote," Asmund akasema. "Mimi ilinichukua miaka minane."

Aprili 30. Msumeno nimeumaliza. Kila gogo limekuwa vipande. Sasa ni shoka.

Mei 6. Shoka.

Mei 7. Shoka. Mabega yangu hayajui tena kuanika nguo kwenye kamba.

Mei 17. Siku ya taifa. Bendera, watoto wa shule wakiandamana na tarumbeta, aiskrimu. Majani ya mibetula yamefikia ukubwa wa masikio ya panya, kama alivyosema Asmund kuwa yangekuwa. Tulikuwa tumemaliza kukata kabla hayajachipua, na mti uliokatwa kabla ya jani unakauka mara mbili upesi. Nimevaa vazi langu la kitaifa, halifungi tena mabegani. Asmund akasema, "Huo ni msuli, mama, si uzee." Nimefurahi siku nzima kama mjinga.

Mei 29. Nusu ya banda imejaa. Torleif huja Jumamosi kupanga, ana jicho zuri la kupanga, kila safu inasimama kama ukuta. Nimeagiza mpini mpya wa shoka.

Juni 8. Magogo manene ishirini na mawili, yale yenye mafundo, yamekataa shoka. Inabidi yakatwe upya kwa msumeno, mafupi zaidi. Nimenoa jana jioni kabla ya kula. Leo kushoto kuliguswa tena, nikajua Torleif bado anapita. Nikajisemea, jamani, mtu huyu anakuja Jumamosi kila mtu akimwona, kwa nini bado anajificha siku nyingine?

Juni 19. Nyuzi kumi na tisa, juu ya sifuri, namshukuru Mungu. Zimebaki safu mbili.

Leo Torleif na mimi tulikuwa tunapanga, tukapumzika kwenye kigogo. Nikamwuliza hivi hivi, bila kufikiri, "Kwa nini usininolee pale pale Jumamosi? Kwa nini wakati tumelala?"

"Kunoa nini?"

"Mnyororo. Meno ya kushoto."

Akanitazama. "Mimi sijawahi kugusa mnyororo wenu. Kabla ya Aprili sijakanyaga banda hili miaka tisa."

"Sasa zile lefse ulikula za nini?"

Akageuka mwekundu hadi shingoni. Ilibidi nimbane kama upanga kwenye jiliwa ndipo akasema. Ni kuhusu Januari, siku ile Asmund alipoanguka. Theluji ilikuwa imeanguka tangu asubuhi, barabara yetu ya juu haikuonekana tena. Torleif aliona taa zote za nyumba yetu zimewaka saa tisa mchana, akaniona natoka mlangoni bila koti na kuingia tena. Hakujua ni nini. Akatoa trekta, akasafisha barabara yote kutoka njia kuu hadi uzio wetu, kilomita mbili, akageuza akarudi kwake. Robo saa baadaye gari la wagonjwa likapita moja kwa moja.

Mimi siku zote nilidhani ni gari la manispaa lililosafisha. Daktari aliniambia hospitalini, "Mngechelewa nusu saa, mama, tungekuwa tunazungumza mengine." Nilimshukuru daktari. Niliwapelekea wauguzi keki. Na mwenye kustahili nilikuwa nampita dukani nageukia jibini.

"Ulipokuja na lefse," Torleif akasema, "nikajua umejua."

Nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, mbele ya uso wake, peupe, bila pembeni yoyote. Akavumilia.

Juni 20. Basi ni nani?

Nimelifikiria usiku mzima, na naona aibu kwamba ilinichukua usiku mzima.

Leo baada ya kula nikajilaza kama kawaida, nikafumba macho. Dakika kumi. Nikasikia kiti kinalia, fimbo sakafuni, mlango wa nyuma. Nikahesabu hadi mia mbili, nikatoka bila viatu, nikapita nyuma ya banda nikachungulia kati ya mbao.

Asmund alikuwa amesimama mbele ya jiliwa. Mkono wa kulia ameulaza juu ya meza, ameufunga kwa mkanda wa suruali usitikisike, unakandamiza upanga kwa uzito wake. Tupa iko mkono wa kushoto. Alianzia kwenye jino la kushoto lililo jirani na langu jekundu. Moja, mbili, tatu, nasikia anahesabu kwa sauti ndogo. Jino linalofuata. Moja, mbili, tatu. Jasho linamtiririka. Upande wa kulia hakugusa, hauwezi kwa mkono huo. Upande wa kulia ni wangu. Alipofika mwisho akapuliza vumbi la chuma, akapapasa meno kwa kidole gumba, kile chenye kovu la Machi 9, akaitundika tupa kwenye msumari. Mpini umeelekea dirishani.

Mimi ndiye niliyemwambia kazi hii si yako tena. Akanyamaza, akaenda kuifanya mahali nisipoona, ili nisimnyang'anye mara ya pili.

Nilirudi kitandani mbio, soksi zimejaa maranda, nikavuta blanketi. Nikasikia fimbo ngazini. Nikatamani kuinuka nimkumbatie nimwombe radhi, nimwambie yote. Lakini nikajua nikisema itakuwa kazi anayoifanya kwa ruhusa yangu. Sasa hivi ni yake.

Basi nikakoroma. Nimekoroma kwa nguvu zote.

Juni 21. Nimekata magogo sita yenye mafundo. Wima. Nilimwagia maranda mezani. "Maranda," akasema. Nikasema, "Kumbe najua kunoa." Akasema, "Kumbe." Nilimtazama muda mrefu mpaka akaniuliza kama nina homa. Saa kumi na robo nikajilaza, nikakoroma.

Juni 22. Nimekoroma.

Juni 23. Mkesha wa Mtakatifu Yohana. Mbingu nyeupe, hakuna upepo.

Saa saba mchana nimeingiza kipande cha mwisho juu ya safu ya mwisho, chini kabisa ya paa, kwa kukigonga na ngumi. Banda limejaa hadi mlangoni. Asmund alisimama akalitazama, akaweka kiganja cha kushoto juu ya kuni, akakiacha pale. "Limejaa," akasema.

Nimempigia Sunniva. Akauliza kwa sauti ya utotoni, "Kweli, mama? Lote?" Nikamwambia aje aone. Akasema atakuja na hayo maboksi, ayajaze jamu ya rubabu wa bustanini arudi nayo.

Jioni tulikula uji wa krimu uani, Torleif akaleta soseji, tukawasha moto mdogo kwa magome. Moshi ulikwenda wima. Nimewatazama wawili wale wakibishana juu ya mbetula wa mpakani, na nikamshukuru Mungu kwa kila mmoja kwa jina, kwa trekta, kwa barafu ya kinamasi, kwa mkono wa kushoto wa mume wangu.

Juni 24. Kazi imekwisha, hakuna cha kukata. Hata hivyo baada ya kula nimejilaza na kukoroma, maana nilisikia fimbo ikielekea bandani. Ananoa minyororo ya zamani, ya msimu ujao.

Juni 26. Jana sikuandika, Sunniva alikuwa hapa. Leo nimefungua kitabu nikakuta mstari ambao si wangu. Herufi kubwa kubwa, zimeinama upande kama kuni zilizopangwa vibaya, wino umepaka pale kiganja kilipopita juu yake. Ni mstari wake wa kwanza humu tangu Januari, na wa kwanza maishani mwake kwa mkono wa kushoto:

*Juni 25. Nyuzi ishirini na moja. Mvua kidogo. Mama Sunniva akilala kweli hakoromi hivyo. Asante.*